Mizinga ya Königsberg na Njia ya Handeni

Katika mwaka wa 1976 ilitolewa sinema moja ya vita na mashaka iitwayo Shout at the Devil, jina ambalo kwa Kiswahili laweza kuwa Mfokee Shetani. Mambo yake huanzia Unguja, kisha huhamia nchi iliyoitwa wakati huo Afrika Mashariki ya Kijerumani, na hasa mahali pale ambapo Mto Rufiji hugawanyika vijito kati ya mikoko kabla ya kuingia baharini. Watu waliokusanywa kuicheza hawakuwa wanagenzi. Lee Marvin, Mmarekani, alikuwa amepata tuzo ya Oscar kwa sinema ya Cat Ballou ya mwaka 1965. Roger Moore, Mwingereza, alikuwa amekwisha kuvaa suti ya James Bond mara mbili. Ian Holm alikuwa amekomaa katika michezo ya Shakespeare jukwaani. Muziki ulitungwa na Maurice Jarre, yule yule wa Lawrence of Arabia. Na mwongozaji, Peter Hunt, alikuwa fundi mashuhuri wa kuunga picha kabla ya kuongoza mwenyewe sinema ya Bond ya mwaka 1969. Kisa kilitolewa katika riwaya ya Wilbur Smith ya mwaka 1968. Viungo vyote vilikuwamo jikoni. Chakula kikatoka chapwa.

Kisa chenyewe ni hiki. Flynn O'Flynn, mlevi na mwindaji wa tembo asiye na ruhusa, anamnasa kijana wa Kiingereza aliye safarini, na wawili hao wanaingia katika nchi ya Wajerumani kuiba pembe. Bwana shauri wa Kijerumani, mtu mnene na mkali aitwaye Fleischer, anawawinda. Kijana anamwoa Rosa binti Flynn, mtoto anazaliwa, vita vinaanza, mtoto anauawa. Basi wazazi na babu wanakwenda kulipa kisasi, na kisasi hicho chakutana na haja ya manowari za Kiingereza, ambazo zatafuta meli ya vita ya Kijerumani iliyojificha mtoni. Meli hiyo katika sinema yaitwa Blücher. Yalipuliwa, na sinema yakoma.

Mtazamaji hukaa karibu saa mbili na nusu. Saa ya kwanza huchekeshwa: Marvin hulewa, hupepesuka, hupiga makelele, na Moore humtazama kwa nyusi zilizopandishwa. Kisha, bila daraja lolote kati ya ng'ambo hii na ile, mtazamaji huonyeshwa kifo cha mtoto mchanga na kutakiwa alie. Machozi hayaji, kwa sababu macho bado yangali katika kicheko. Ian Holm, ambaye sauti yake ilikuwa nusu ya ufundi wake, alipewa nafasi ya mtumishi bubu aitwaye Mohammed, akapakwa rangi usoni. Kumwajiri mwimbaji na kumfunga kinywa ni hasara isiyohitaji mhasibu kuijua.

Lakini kosa kubwa la sinema hii haliko kwa wachezaji, na yeyote aliyesoma habari za Korogwe na Handeni katika mwaka wa 1916 ataliona upesi. Sinema yaishia pale ambapo habari yenyewe, ile iliyotukia kweli, ndiyo kwanza yaanza.

Blücher ya sinema ni kivuli cha meli ya kweli, Königsberg. Iliwasili Dar es Salaam mwezi wa Juni 1914. Tarehe 20 Septemba mwaka ule ule iliivamia bandari ya Unguja alfajiri na kuizamisha manowari ya Kiingereza Pegasus, kisha ikajificha Rufiji kwa kuwa mitambo yake ilikuwa imeharibika. Vipande vya mitambo hiyo vilivutwa kwa nchi kavu hadi karakana za Dar es Salaam, vikatengenezwa, vikavutwa tena kurudi Rufiji. Havikuvutwa na ng'ombe wala injini; vilivutwa na watu. Waingereza walimtumia mwindaji wa tembo, Pretorius, kupeleleza maficho ya meli, na hapana shaka ndiko riwaya na sinema zilikookota mbegu ya Flynn. Mwezi wa Julai 1915 manowari mbili za maji mafupi, Severn na Mersey, zikisaidiwa na ndege, ziliipiga Königsberg, na tarehe 11 mabaharia wake wakaizamisha wenyewe.

Hapo sinema ingeteremsha pazia. Wajerumani hawakuteremsha. Waliiopoa mizinga 10 ya meli, kila mmoja wa kipenyo cha milimita 105, wakaipeleka Dar es Salaam, wakaifanyia magurudumu katika karakana za reli. Tangu siku hiyo mizinga ya baharini ikawa mizinga ya porini. Mmoja ulikuwa Kahe, chini ya Kilimanjaro, tarehe 21 Machi 1916, na ulivunjwa na Wajerumani wenyewe walipokimbia. Mingine ilizagaa nchi nzima. Kila mzinga ulipohama, watu walifungwa kamba mabegani.

Ili msomaji aone kwa nini njia ya Handeni iliingia katika jambo hili, yafaa aitazame ramani. Wajerumani walikuwa na reli mbili. Moja ilitoka Tanga. Ujenzi wake ulianza mwaka 1893, ikafika Korogwe mwaka 1902 na Moshi mwaka 1911. Ya pili ilitoka Dar es Salaam hadi Kigoma, ikamalizika mwaka 1914. Reli hizi hazikukutana popote. Kati yake ilikuwako nchi ya Wazigua na milima ya Unguu, na katikati ya nchi hiyo ilikuwako boma ya Handeni. Manowari za Kiingereza zilipofunga bahari, kila kilichotaka kutoka reli ya kusini kwenda reli ya kaskazini, au kurudi, hakikuwa na budi kupita nchi kavu, na njia iliyo fupi ilikuwa ile ya kutoka Kimamba kwenda Handeni, na kutoka Handeni hadi Mombo au Korogwe.

Wajerumani walijaribu kuifupisha taabu. Walikusanya reli nyembamba za mashamba, zile zilizotandikwa kwa ajili ya kubebea mkonge, wakazitandika kutoka Mombo hadi Handeni. Juu yake zilipita toroli. Injini hazikuwako, toroli zilisukumwa na watu. Baada ya Handeni hata reli hiyo haikuwako tena, bali njia ya miguu mpaka Kimamba, na mzigo ulihama kutoka toroli kwenda kichwani. Katika vitabu vya majemadari njia hii yasifiwa kuwa ni werevu mkubwa. Werevu ulikuwako, walakini mabega hayakuwa ya wenye werevu.

Hapa yafaa kufanya hesabu kidogo, kwa kuwa hesabu hii yaeleza mengi kuliko masimulizi ya mapigano. Mpagazi huchukua mzigo wa ratili 60 hivi. Akila ratili mbili za unga kwa siku, katika siku 30 amekula mzigo wake wote. Maana yake ni kwamba, ikiwa kwenda na kurudi kwachukua mwezi mmoja, mpagazi abebaye chakula hafikishi hata punje; amejilisha mwenyewe tu. Jeshi lililo mbali na reli kwa hiyo haliwezi kulishwa na wapagazi wake peke yao. Hulishwa na ghala za vijiji lipitavyo. Ndiyo sababu vita vya Handeni havikuwa vita vya majeshi mawili tu. Vilikuwa pia vita juu ya mahindi na mtama wa Mzigua.

Na Mzigua alikuwa na sababu ya kuogopa. Miaka 20 tu kabla ya hapo, kati ya 1894 na 1896, nchi yake ilipitiwa na njaa iliyobaki katika masimulizi kwa jina la Kidyakingo, yaani njaa ya kula ngozi. Mtu aliyekuwa mtoto katika Kidyakingo alikuwa mtu mzima mwenye shamba na ghala katika 1916. Alipomwona jumbe akija na askari kuhesabu mapakacha ya nafaka, hakuhitaji kuelezwa mwisho wake.

Jemadari Jan Smuts, Kaburu aliyewahi kupigana na Waingereza na sasa akiwaongoza, alishika uongozi wa majeshi yao Afrika ya Mashariki mwezi wa Februari 1916. Mwezi wa Machi aliichukua Moshi. Masika yalimsimamisha, yalipokoma, mwezi wa Mei, aliteremka kwa kuufuata Mto Pangani na reli. Majeshi ya Kijerumani ya upande huo, chini ya Meja Kraut, yalirudi nyuma hatua kwa hatua, yakivunja madaraja. Tarehe 15 Juni Waingereza waliingia Korogwe. Siku chache baadaye walikuwa Handeni. Tarehe 24 Juni walipigana kwenye Mto Lukigura, kusini ya hapo, wakashinda, wakasonga mbele mpaka Mto Msiha. Na pale wakakwama.

Kukwama huko ndiko kiini cha jambo. Kutoka Moshi hadi Msiha jeshi lilikuwa limekwenda upesi kuliko chakula chake. Farasi, nyumbu na ng'ombe waliotoka Afrika ya Kusini walikuwa wakifa kwa maelfu kwa kuumwa na mbung'o, mdudu asiyejua cheo wala bendera. Motokaa zilizama katika vumbi, na mvua zilipokuja zilizama katika tope. Askari wengi kuliko waliopigwa risasi walilala kwa malaria na kuhara damu. Na kila mnyama alipoanguka, mtu alitafutwa badala yake. Hili ni jambo ambalo sinema ya vita haiwezi kulionyesha kwa mlipuko. Sindano ya mdudu mdogo huko Handeni iliamua ni vijana wangapi wa Korogwe, wa Nairobi na wa Kisumu waingizwe katika kazi ya kubeba.

Kambi ya Msiha ilikaa toka mwisho wa Juni mpaka mwanzo wa Agosti 1916. Na hapo ndipo Königsberg, meli iliyokuwa imezama mwaka mmoja kabla, ilipowafikia. Kutoka vilima vya mbele yao Wajerumani waliipiga kambi kwa mzinga wa meli hiyo, siku baada ya siku, toka mbali ambako mizinga midogo ya Waingereza haikuweza kujibu. Askari waliiita kambi ile Kambi ya Makombora. Fikiria basi: mtu aliyezaliwa Uzigua, ambaye labda hajaiona bahari maishani mwake, analazwa chini na kombora la manowari. Mwandishi wa riwaya angelibuni jambo hilo asingaliaminiwa. Lilitukia, nayo sinema yenye watu hodari na fedha nyingi haikulihitaji, kwa kuwa kwake meli ikilipuka habari imekwisha.

Si haki kusema kwamba sinema hiyo haina wapagazi. Wamo. Waonekana wakivuta mabamba makubwa ya chuma ya kuitengenezea Blücher, na jasho lawatoka vizuri mbele ya kamera. Lakini hapana hata mmoja mwenye jina, wala nyumba, wala neno la kusema lenye uzito. Wao ni kama miti na mto: ni mandhari. Na tendo kubwa la mwisho, la kuingiza bomu melini, lafanywa na Roger Moore aliyejipaka weusi na kujichanganya na wafanya kazi. Sinema yenyewe, bila kukusudia, yakiri ya kuwa mtu pekee awezaye kupita popote katika vita vile alikuwa mchukuzi mweusi. Halafu yamwondoa mchukuzi huyo na kumweka mchezaji wa Bond katika ngozi yake.

Yapo mengine ya kutajwa kwa upande huo. Sinema haikupigwa Rufiji. Ilipigwa Malta na katika Transkei, kwenye pwani ya Port St Johns, chini ya serikali ya ubaguzi wa rangi ya Afrika ya Kusini, muda mfupi kabla ya Transkei kupewa uhuru wa jina. Watu wa pwani ile walisimama badala ya Warufiji. Wakati huo huo Dar es Salaam, mji ambao mizinga ya Königsberg ilifanyiwa magurudumu, ulikuwa makao ya Kamati ya Ukombozi ya Umoja wa Nchi Huru za Afrika. Nchi iliyotajwa katika kisa na nchi iliyopigwa picha zilikuwa pande mbili za vita vingine kabisa.

Yaweza kusemwa ya kuwa sinema ni ya burudani, wala si darasa. Kweli, na The African Queen ya mwaka 1951, ya Humphrey Bogart na Katharine Hepburn, nayo yahusu meli ya Kijerumani na bomu katika nchi hii hii, wala hakuna aijuaye aiitaye chapwa. Tofauti ni kwamba The African Queen yatazama watu wawili ndani ya mashua moja na kuwajua mpaka mwisho. Yajua mipaka yake. Shout at the Devil yataka nchi nzima, vita vizima, tembo, mamba, ndege na manowari, kisha yaogopa kumtazama usoni mtu yeyote wa nchi hiyo. Mashaka hayapatikani kwa wingi wa baruti. Hupatikana mtazamaji ajuapo kitu gani chaweza kupotea, na cha nani. Katika sinema hii kilichoweza kupotea ni chuma.

Hata vitabu vilivyoandikwa na waliokuwako havikuacha mwelekeo huo kwa urahisi. Paul von Lettow-Vorbeck, jemadari wa Wajerumani, aliandika kumbukumbu zake mwaka 1920, na katika mwaka huo huo akawaandikia vijana wa kwao kitabu cha Heia Safari!, ambacho vita vyake vyafanana na matembezi ya kishujaa. Francis Brett Young, daktari wa Kiingereza aliyefuatana na jeshi lile la kuteremka Pangani, alitoa kitabu mwaka 1917 kiitwacho Marching on Tanga. Jina lake lasema safari ya Tanga, lakini safu ile haikwenda Tanga. Ilikata kusini kwa Handeni. Brett Young aliipenda nchi na kuiona vema, nyasi zake, vilima vyake, homa zake. Aliyesukuma toroli ya Mombo hakuandika kitabu. Kwa hiyo mwanafunzi wa leo atafutaye sauti yake hana budi kuisikiliza katika masimulizi ya wazee yaliyohifadhiwa, na katika kazi za wanahistoria kama James Giblin, ambaye kitabu chake cha mwaka 1992 kilieleza jinsi nchi ya Uzigua, ilipopokonywa watu na nafaka na mifugo na kunyimwa utaratibu wake wa zamani wa kusaidiana, ilivyoachia pori lirudi, na pori likarudi na mbung'o wake.

Kuna jambo moja la ajabu katika wilaya ya Korogwe ambalo hustahili kutajwa hapa, kwa kuwa nalo ni la sinema. Katika mwaka 1935, yaani miaka 19 tu baada ya Smuts kupita, ilifunguliwa Vugiri, katika milima iliyo juu ya Korogwe, kambi ya kutengeneza sinema kwa ajili ya Waafrika. Fedha zilitoka katika shirika la Carnegie la Marekani, na wakuu wake walikuwa L. A. Notcutt, ambaye kabla ya hapo alikuwa msimamizi wa shamba la mkonge, na G. C. Latham. Mpaka mwaka 1937 walikuwa wametengeneza sinema 35, na kuzizungusha kwa lori toka Tanganyika hadi nchi za jirani. Mojawapo ilihusu benki ya akiba ya posta: mfanya kazi mmoja azika mshahara wake ardhini na kuibiwa, mwenziwe apeleka wake posta. Mwizi alikuwamo, mashaka yalikuwamo. Nyingine zilihusu safura, kodi, ukulima. Watazamaji waliokusanywa mbele ya kitambaa cheupe walifundishwa namna ya kuishi. Lakini wengi wao waliozidi umri wa miaka 35 walikuwa wameona, kwa macho yao, habari kubwa kuliko yoyote ambayo Vugiri ingeweza kubuni, na kamera ilikuwa imesimama umbali mfupi tu toka reli ile ile waliyochukuliwa nayo. Kamera ilitazama safura.

Idadi ya wapagazi wote, wa pande zote za vita katika Afrika ya Mashariki, yahesabiwa kuwa yapita milioni moja. Rekodi za Waingereza peke yao zataja karibu laki moja waliokufa, nao ni wale tu waliokuwa na namba. Wengi hawakuuawa na risasi. Walikufa kwa kuhara, kwa homa ya mapafu, kwa unga wa mahindi ambao haukuiva kwa sababu hapakuwa na wakati wala sufuria. Wajerumani hawakuacha hesabu kamili ya wapagazi wao. Mwanamke wa Handeni ambaye mumewe alichukuliwa kusukuma toroli, kisha toroli ikatekwa na mume akahamia mzigo wa bwana wa pili, hakuwa na ofisi ya kuuliza.

Königsberg yenyewe ina makaburi yanayojulikana. Mzinga wake mmoja umewekwa Fort Jesus, Mombasa, karibu na mzinga wa Pegasus ambayo iliizamisha, na mwingine uko Pretoria. Watoto hupanda juu yake na kupigwa picha. Dar es Salaam, mahali palipokuwa na sanamu ya Wissmann, Waingereza walisimamisha mwaka 1927 sanamu ya askari mweusi, bunduki mikononi, singe ikielekea bandarini. Nairobi, mwaka 1928, walisimamisha watatu, na mmoja wa watatu hao ni mpagazi. Katika Dar es Salaam askari yuko peke yake. Mpagazi wake yuko mwendo wa dakika chache kutoka hapo, katika kiwanja ambacho Wajerumani walikijenga kiwe soko na Waingereza wakakifanya kambi ya kikosi cha wachukuzi, Carrier Corps, jina ambalo midomo ya wenyeji ililigeuza likawa Kariakoo.